Kabla ya kuchagua mlima wa theluji, mwangalie anayeogopa zaidi nyumbani

Mzazi mwenzangu, wiki hii naanza na uongo. Si wa jirani, wala si wa mtoto peke yake. Ni wangu.

Miaka miwili iliyopita nilikwenda siku ya wazazi shuleni kwa binti yangu, hapa Uingereza tunakoishi. Mwalimu akanionyesha mchoro aliochora mtoto baada ya likizo fupi ya Februari. Mlima mweupe, miti ya misonobari, watu wanne wamevaa skii: mmoja mrefu, mmoja mnene, wawili wadogo. Mnene ni mimi. "Natumaini mliifurahia theluji," mwalimu akasema.

Hatukuwa tumekwenda popote. Likizo ile nilikuwa na zamu za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, baba watoto alikuwa anaendesha basi lake la abiria, na watoto walishinda na televisheni. Nilimtazama mwalimu usoni nikajibu, "Ndiyo, tulifurahia sana."

Usiku huo sikumgombeza mtoto. Ningeanzia wapi? Nilikaa kwenye kitanda chake nikamuuliza kwa nini. Akasema kila wakirudi kutoka likizo mwalimu huwauliza walikwenda wapi, na jibu lake yeye kila mara ni "nyumbani". "Wengine nao hawaendi mbali, Mama, lakini wanakwenda kwa bibi yao. Bibi yetu yuko Moshi."

Najua wasomaji wa safu hii mko wa aina mbili. Mlioko Dar, Arusha au Mombasa mtasema haya mambo ya kuteleza kwenye theluji ni ya Wazungu. Mlioko Leicester, München au Stockholm mnajua swali la likizo ya baridi lilivyo, maana watoto wenu wanawauliza kila mwaka. Nawaandikia hasa ninyi wa pili. Lakini wa kwanza msiondoke, kwa sababu kanuni ya kuchagua safari ya familia ni ileile, uwe unakwenda Bulgaria au Bagamoyo.

Kwanza, pesa

Nilipomweleza baba watoto, alinyamaza, kisha akauliza itagharimu kiasi gani. Nikamwambia kwa hesabu ya juu juu, watu wanne, wiki moja, ni kama pauni 2,400. Akacheka kicheko kisicho cha furaha.

"Mama watoto, hizo ni karibu milioni 8 za nyumbani. Nyumba ya Kibaha imesimama kwenye lenta, wewe unataka tukateleze?"

Hakukosea. Familia nyingi za huku zinaijua hoja hiyo. Tulibishana siku kadhaa, mwishowe tukawekeana masharti matatu. La kwanza, hatukopi na hatugusi kadi ya mkopo. La pili, pesa ya Bibi ya kila mwezi haipungui hata senti. La tatu, watoto wanaambiwa ukweli wote: tunaweka pauni 200 kila mwezi, tutakwenda baada ya mwaka mmoja, na ikitokea dharura hatuendi.

Binti alinuna, kwa sababu alitaka iwe Februari iliyokuwa inakuja. Tulibandika karatasi yenye vyumba 12 kwenye friji, na kila mwezi akipaka rangi chumba kimoja. Mwezi wa saba nilimkuta baba watoto mwenyewe amesimama mbele ya friji anahesabu vyumba vilivyobaki.

Kama huwezi kuweka kiasi hicho bila kuumia, usiende. Mtoto atapona aibu ya kusema "nilikuwa nyumbani" upesi kuliko nyinyi mtakavyolipa deni.

Kwa nini Bulgaria

Watu wakisikia skii hufikiria Uswisi, Ufaransa na Austria. Milima ya huko ni mikubwa na mizuri, na bei zake ziko juu kama milima yenyewe. Bulgaria iko kusini mashariki mwa Ulaya, imo katika Umoja wa Ulaya tangu 2007, na maisha yake bado ni nafuu ukilinganisha na nchi hizo. Chakula, malazi na ada ya mwalimu wa skii vyote hushuka. Kutoka London hadi Sofia, mji mkuu, ndege hutumia kama saa 3. Waingereza wameizoea kwa miaka mingi, kwa hiyo walimu wa skii wanaozungumza Kiingereza si wa kutafuta.

Tangu Januari 2026 nchi hiyo inatumia yuro badala ya pesa yake ya zamani, lev, na hilo limerahisisha hesabu kwa wanaotoka Ujerumani au Uholanzi.

Ila nikuonye: unafuu wa Bulgaria hauko sawa wiki zote. Msimu huanza katikati ya Desemba na kuishia mwanzoni mwa Aprili. Wiki ya likizo ya shule ya Februari ndiyo ghali kuliko zote, maana kila mzazi wa Uingereza anaitaka hiyohiyo. Utashawishika kumtoa mtoto shuleni wiki nyingine. Kwa England, piga hesabu kwanza. Faini ya kumtoa mtoto bila ruhusa kwa siku 5 ni pauni 80 kwa kila mzazi, kwa kila mtoto, ukilipa ndani ya siku 21. Ukichelewa inakuwa 160. Wazazi wawili wenye watoto wawili tayari ni pauni 320, na ule unafuu wa tiketi umekwenda.

Kinachosaidia ni kuangalia kalenda ya halmashauri yako. Si halmashauri zote zinafunga shule wiki moja. Kama yenu inatangulia au inachelewa kwa wiki moja, umebahatika.

Vituo vitatu, familia tatu

Bulgaria ina vituo vitatu vikubwa vya skii, na kila kimoja kinaifaa familia ya aina yake.

Bansko ndiyo maarufu zaidi. Ni mji halisi chini ya milima ya Pirin, wenye mitaa ya mawe, nyumba za kale na migahawa ya kienyeji wanayoiita mehana. Ina njia za kutelezea zenye urefu wa jumla ya kilomita 75 hivi, na mashindano makubwa ya dunia yamewahi kufanyika hapo. Iko kama kilomita 160 kutoka Sofia, safari ya saa 2 na nusu kwa gari. Jambo la kuzingatia ni hili: mji uko chini, theluji ya kufundishia iko juu. Anayejua na asiyejua wote hupanda gari la waya, yaani vile vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, kwenda hadi Bunderishka Polyana kwenye mita 1,600 hivi. Ni zaidi ya dakika 20 mkiwa ndani, na asubuhi za likizo foleni ya kuingia huwa ndefu. Kwa vijana wanaojua tayari kuteleza, Bansko ni raha. Pia inamfaa mzazi asiyeteleza kabisa anayetaka mji wa kutembea, kwa sababu kijiji cha Banya chenye maji moto ya asili kiko karibu.

Borovets ndicho kituo cha zamani kuliko vyote nchini humo. Kilianza 1896 kama mahali pa mapumziko. Kiko kwenye milima ya Rila, chini ya Musala, mlima mrefu kuliko yote katika nchi za Balkan, mita 2,925. Mnaotoka Kilimanjaro msicheke. Ndiyo, ni kama nusu ya mlima wetu. Borovets si mji, ni hoteli na maduka katikati ya msitu, na usiku baa zake za katikati zina kelele. Lakini kutoka Sofia ni kilomita 70 na kidogo tu, na miteremko ya wanaoanza iko palepale chini, karibu na hoteli. Kuna pia njia zinazowashwa taa usiku.

Pamporovo iko kusini, kwenye milima ya Rodopi, katikati ya misitu ya misonobari. Kituo chenyewe kiko kwenye mwinuko unaokaribiana na wa jiji la Mbeya, na kilele chake, Snezhanka, chenye mnara wa televisheni juu, ni mita 1,926. Miteremko yake mingi ni ya taratibu. Ukiuliza ni wapi mtu mzima ajifunze bila kujidhuru, wengi watakutajia Pamporovo. Mji jirani wa Chepelare ndiko alikozaliwa Ekaterina Dafovska, aliyeipa Bulgaria dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki ya majira ya baridi, Nagano mwaka 1998. Tatizo ni njia. Kutoka Plovdiv ni kilomita 85 hivi, lakini ndege nyingi hutua Sofia, na kutoka Sofia ni zaidi ya kilomita 200, za mwisho zikiwa kona za milimani.

Swali lililotuamulia

Binti yangu alitaka Bansko. Sababu yake ilikuwa moja: msichana mmoja wa darasani kwao alikuwa amekwenda huko. Nami nilikuwa nimeshaiona nyumba ya kupanga, nzuri, bei ya chini. Nilibakiza kubonyeza kulipa.

Baba watoto akaniomba nimwonyeshe kwenye ramani. Nyumba ile ilikuwa kilomita 2 kutoka kituo cha gari la waya. Akauliza maswali ya dereva: hao watoto watavaa buti nzito saa ngapi? Skii atazibeba nani? Huyu wa miaka 5 akisema anataka choo mkiwa kwenye foleni, mtafanyaje?

Kisha akasema jambo ambalo hakuwa amelisema mwaka mzima. "Mimi naogopa. Nikivunja mguu, basi nitaendesha na nini?"

Nilikuwa nimepanga kila kitu kwa kumwangalia binti, ambaye haogopi chochote, na picha atakazowaonyesha wenzake. Sikuwa nimemwangalia mume wangu. Sikuwa nimemwangalia kitinda mimba wetu, anayetapika kwenye gari kila penye kona.

Tulikaa mezani tukaandika majina manne, na mbele ya kila jina kile anachokiogopa. Baba: kuumia na kukosa kazi. Mdogo: safari ndefu. Mimi: kupoteza mtoto mlimani nisikomjua mtu. Binti akaandika, "Kusiwe na theluji."

Karatasi ile ndiyo iliyochagua. Kwa ajili ya Baba peke yake tungekwenda Pamporovo, lakini kona zile na tumbo la mdogo wake visingepatana. Borovets ilikuwa na njia fupi, na mteremko wa wanaoanza ambao ningeweza kuuona nikiwa nimesimama na kikombe cha chai. Kuhusu hofu ya binti, huko juu mlimani theluji hukaa zaidi, na Februari ni katikati ya msimu.

Familia yako inaweza kuchagua tofauti na bado ikawa sawa. Cha msingi, ukiwa na mtu mmoja asiyejua, usichague kituo kwa urefu wa njia zake. Hizo kilomita 75 hatazigusa. Wiki nzima yake itapita kwenye mita 200.

Gharama zisizoandikwa kwenye tangazo

Tangazo litakuonyesha bei ya ndege na kitanda. Skii ina gharama nyingine zinazokuja nyuma yake: pasi ya lifti, kukodi skii na buti, helmeti, mwalimu, gari la kutoka uwanja wa ndege, chakula cha mchana mlimani, na bima. Vikijumlishwa vinaweza kufikia au kupita bei ya ndege. Mara nyingi vituo huuza pasi, vifaa na mwalimu kwa pamoja kwa wanaoanza, na ukilipia mapema hupungua.

Kabla ya kulipa, uliza haya na upate jibu la maandishi:

1. Kutoka hoteli hadi mteremko wa wanaoanza ni dakika ngapi kwa miguu, mtoto akiwa amevaa buti?
2. Anayeanza anahitaji pasi kamili ya lifti siku ya kwanza, au atatumia mkanda wa chini tu?
3. Kundi moja la watoto lina watoto wangapi, na mwalimu anafundisha kwa lugha gani?
4. Darasa linaisha saa ngapi, na nani anakaa na mtoto saa ya chakula?
5. Helmeti imo kwenye bei ya kukodi?
6. Basi la uwanja wa ndege linasubiri ndege ikichelewa?

Nguo usinunue mpya. Sisi tumelelewa na mitumba, tusijifanye tumesahau. Maduka ya hisani ya huku hujaa suruali na makoti ya theluji, hasa miezi ya joto ambapo hakuna anayeyatafuta. Nilinunua Julai. Glavu ndizo za kununua imara, mbili kwa kila mtoto, maana jozi moja italowa. Nunua pia mafuta ya kuzuia jua. Usiseme ngozi yetu haiungui. Theluji hurudisha jua usoni kama kioo, na baba watoto alirudi amebabuka pua.

Na kwa mama wa mabinti: helmeti haikai juu ya rasta zilizofungwa kichuguu. Msuke twende kilioni, zilale chini, kabla hamjaondoka.

Karatasi za safari

Hapa ndipo familia za kwetu hukwama, kwa sababu nyumba moja huwa na pasipoti za nchi mbili.

Mwenye pasipoti ya Uingereza haombi viza kwa safari fupi, ila pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na iwe na uhai wa miezi 3 baada ya siku ya kuondoka huko. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Schengen, hata kama ana kibali cha kudumu cha kuishi Uingereza. Bulgaria iliingia kikamilifu kwenye eneo la Schengen Januari 2025. Ukiwa unaishi Ujerumani au Sweden na kibali chako kiko hai, huhitaji viza nyingine.

Viza hiyo ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi kabla ya kutimiza 12. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usingoje mwisho. Baba watoto aliomba Oktoba kwa safari ya Februari, na tuliilipia ndege baada ya kuona viza kwenye pasipoti. Ndege ilikuwa imepanda bei kidogo. Tulikubali hasara hiyo ndogo kuliko kuwaambia watoto kwamba Baba anabaki.

Bima ya viza inatakiwa kugharamia matibabu ya angalau yuro 30,000. Soma ndani. Bima nyingi za kawaida haziwahusu wanaoteleza mpaka uongeze kipengele cha michezo ya theluji. Hakikisha pia inalipia kuteremshwa kutoka mlimani. Na ukumbuke bima ya safari hailipi mshahara utakaoukosa ukilala nyumbani na mguu kwenye plasta. Kama kazi yako hulipwa kwa zamu, hilo lifikirie kabla hujavaa skii.

Kama jina la ukoo la mtoto si sawa na lako, beba cheti chake cha kuzaliwa.

Ilivyokuwa

Siku ya kwanza mdogo alilia. Alivua buti moja akaitupa. Mwalimu, kijana mpole, hakumlazimisha. Alimkalisha kwenye mkanda unaotembea akapanda na kushuka naye kama mtoto aliyepanda ngazi za umeme. Siku ya tatu nilimwita aje kula, akakataa kutoka.

Chakula hakikutusumbua. Wana supu ya maharage, mtindi mzito, na supu ya utumbo wanayoiita shkembe chorba. Baba watoto aliionja akaniambia hii ni ya nyumbani, imekosa ndizi tu. Kwa wasomaji Waislamu, nyama ya nguruwe ni ya kawaida sana huko, kwa hiyo ulizeni kila sahani. Na miaka hii Ramadhani inaangukia Februari, basi linganisheni kalenda mapema.

Mchekesho mmoja: Wabulgaria wengi hutikisa kichwa kushoto na kulia wakimaanisha ndiyo, na hukiinamisha wakimaanisha hapana. Siku mbili nzima nilidhani mwanamke wa mapokezi hanipendi.

Baba watoto alianguka mara nyingi siku ya kwanza mpaka nikaacha kuangalia. Siku ya pili alimwambia mwalimu wazi kwamba ni dereva na mguu ndio kazi yake. Mwalimu akamwonyesha kuzikutanisha ncha za skii mbele, kama kipande cha pizza, ndipo zinasimama. Wiki nzima hakuondoka kwenye ule mteremko wa chini. Hakupanda juu hata mara moja, na hakuna aliyemcheka, kwa sababu kulikuwa na watu wazima wengi kama yeye. Binti, kufikia siku ya nne, alikuwa anapanda na kundi lake hadi njia za bluu. Alikuwa akishuka, anamkuta baba yake chini, wanapiga mikono.

Ningekuwa nimelipia ile nyumba ya kwanza, Baba angeishia chumbani. Namfahamu. Angesema ana maumivu ya mgongo.

Siku ya tano tulimpigia Bibi simu ya video. Bibi ameiona theluji ya Kilimanjaro tangu azaliwe, kila asubuhi mawingu yakifunguka, na hajawahi kuigusa. Mdogo alichota ya mkononi akaisogeza kwenye simu. "Shikamoo Bibi, hii hapa."

"Marahaba. Inayeyuka?"

"Inayeyuka Bibi, inakuwa maji."

Bibi akanyamaza kidogo, akasema, "Basi ndiyo ile tunayokunywa." Kisha akatugombeza kwa nini mtoto hana glavu.

Deni lililobaki

Tuliporudi, binti yangu alibandika picha moja juu ya kitanda chake. Akaniambia, "Mama, sasa ule mchoro si uongo tena."

Ningeweza kumwacha na furaha yake. Nikamwambia, "Siku ile ulikuwa uongo, mwanangu. Na mimi niliongeza wa kwangu."

Mwalimu yule bado yuko shuleni, ingawa hamfundishi tena. Nilimkuta getini nikamweleza: mwaka ule hatukwenda, mtoto alichora alichokitamani, nami nikaona aibu kusema. Alinishukuru. Akasema hakuwahi kufikiria kwamba swali lake la "mlikwenda wapi" linaweza kumwelemea mtoto, na kwamba angetafuta swali jingine. Nilirudi nyumbani mwepesi kuliko nilivyokuwa kwenye ndege.

Nyumba ya Kibaha bado iko kwenye lenta. Karatasi mpya iko kwenye friji, vyumba 12, na safari hii binti anapaka rangi kwa ajili ya bati.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, ukifika muda wa kuchagua, iwe ni mlima, ufukwe au mbuga, usianze na picha. Kaa mezani, andika majina yenu, na mbele ya kila jina andika anachokiogopa. Mpe nafasi ya kwanza yule mwenye hofu kubwa kuliko wote. Wengine watafurahi popote.

Tukutane wiki ijayo.